Bei ya Ukutani

Shamba la Kapsirwa, Kimulot
Jumapili, 7 Machi 1993

Mama Mongina,

Mimi ni mzima, ila mgongo haujui kwamba leo ni Jumapili. Nimeketi nje naota jua kabla ukungu wa Mau haujarudi kulichukua. Mvua imechelewa. Majani ya chai yamekaza kama ngozi, na mtu aliyekuwa akichuma kilo hamsini kwa siku, sasa akifika thelathini anapigiwa makofi. Nyapara anapita na ufito wake juu ya michai akitafuta chipukizi lililozidi, na halioni.

Nakuandikia neno moja kubwa. Nimepiga hesabu kwa akili yangu ya darasa la tano, nikairudia. Kilo ya majani bado tunalipwa senti tisini. Kwa senti tisini siwezi kuwalisha ninyi huko Ogembo na kujilisha mimi hapa, sembuse kuwaita mje tukae pamoja tena. Lakini kilo ikifika shilingi moja na senti ishirini, nawaita siku hiyo hiyo. Chini ya hapo mtakuja tulale njaa wote wanne, na njaa ya pamoja haina utamu wowote.

Sasa sikia. Wachumaji tulimwendea meneja, Bwana Chepyegon, tukamwambia vitu vimepanda. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Msiniletee malalamiko. Nileteeni bei." Ameunda kamati. Karani wa mizani, Bethwel, atazunguka madukani Kimulot na Litein aandike bei. Zikionyesha kwamba maisha yamepanda kweli tangu mwaka jana, kilo nayo itapandishwa. Wachumaji wamenichagua mimi niwasemee. Usicheke. Walitaka mtu mwenye sauti.

Nami nataka kuwa na bei za nyumbani, nijue wewe unabanwa kiasi gani. Niandikie kila kitu unachonunua. Za hapa ndizo hizi: unga pakiti shilingi ishirini na nane, sukari kilo thelathini, mche wa sabuni ishirini na tano, mafuta ya taa chupa kumi, kuni mzigo kumi na tano.

Wasalimie watoto, na ndugu yangu Onyiego.

Ni mimi mume wako,
Makori


Ogembo
25 Machi 1993

Baba Mongina,

Barua yako ilikaa posta siku kadhaa kwa sababu yule karani alidai Yunia ni wengi. Nimemwambia anayeandikiwa kutoka Kimulot ni mmoja.

Nimecheka, lakini kidogo. Sauti unayo. Ulipokuwa hapa mlima wa pili ulijua tunagombania nini.

Bei ulizotaka ni hizi. Unga kwa Nyaberi, yule mwenye duka hapa barabarani, ni thelathini. Mahindi kopo la gorogoro ishirini na mbili, na siku hizi wanaipangusa kwa kiganja, hawaachi hata punje ya juu. Sukari wiki hii hakuna. Ikija ni thelathini na mbili, na Nyaberi hampi mtu zaidi ya nusu kilo. Sabuni tunakatiwa kipande. Maziwa chupa ni sita, nayo yamekutana na mto. Chumvi haijapanda, nadhani wameisahau.

Mongina ni mzima, kwa urefu amenipita bega. Mdogo wake Nyakundi naye, Jumanne, alimwita Onyiego baba. Onyiego aliona haya, akamwambia, mimi ni baba mdogo. Mtoto akauliza mkubwa yuko wapi. Nilimwonyesha mahali jua linapotokea, akaangalia mpaka akachoka.

Baba Mongina, nimevumilia tangu vurugu za mwaka jana zilipotutoa huko sisi, wewe ukabaki. Nitavumilia mpaka Septemba. Kilo ikipanda, tutakuja. Isipopanda, wewe ndiye utakayerudi, hata kama ni kulima hii robo ekari tukigusana viwiko. Baada ya Septemba sitauliza tena.

Jirani yetu Tecla hajambo? Wanawake wa nyumba zetu za Laini Sita bado wanabebeana kapu la mwezi?

Mke wako,
Yunia


Kapsirwa
Jumapili, 18 Aprili 1993

Yunia,

Leo sikuiti Mama Mongina. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikafurahi. Mara ya pili nikasimama. Umeandika maziwa chupa shilingi sita. Tangu lini sisi tunanunua maziwa? Ng'ombe yuko wapi?

Nimelala na swali hilo, na asubuhi nikaenda nalo kwenye kamati, ndiyo maana nilisema vibaya. Bethwel alisimama na karatasi yake akamsomea meneja bei za Kimulot na Litein: unga kumi na tisa, sukari ishirini na moja, sabuni kumi na sita. Kama vile tuko mwaka jana. Niliuliza hizo ni bei za nchi gani. Meneja akasema ndizo walizosema wenye maduka kwa vinywa vyao, na yeye hawezi kupandisha kilo kwa sababu ya sauti yangu. Senti tisini zimebaki tisini.

Nikamwambia Bethwel mbele ya wachumaji wote kwamba amenunuliwa. Hakujibu. Mtu asiyejibu kuna kitu amekula.

Meneja ameahidi kutusikiliza mara moja tena, chai ikishamiri, tukiwa na kitu kipya. Sina kitu kipya. Nijibu kuhusu ng'ombe.

Makori


Ogembo
4 Mei 1993

Makori,

Ng'ombe nilimuuza Februari. Pesa ulizotuma zilinunua unga wa nusu mwezi, na mwezi haukukubali kuishia hapo. Nilitaka kukuambia ukiwa umeketi karibu, si kwa stempu. Umenishika kwa chupa ya maziwa, nakubali.

Lakini nami nilikushika, tena kabla yako, nikanyamaza kwa kuogopa jibu. Kuni mzigo kumi na tano. Makori, nimekaa Laini Sita miaka saba. Mtu aliyeandikwa kazi ya kudumu, shamba humpa nyumba, na kuni humpa. Anayenunua kuni ni kibarua anayepanga chumba huko Kimulot. Walikutoa lini?

Tazama sisi. Tumekaa tukiandikiana bei, kila mmoja akidhani amefunga mlango wake.

Sasa niache niseme la maana. Umemkosea Bethwel. Alikwendaje madukani? Najua bila kuambiwa: koti la kampuni, kalamu sikioni. Nyaberi hapa ana karatasi ya bei za serikali aliyoibandika ukutani tangu enzi zile wenye maduka walipokuwa wakishtakiwa kwa kuuza juu yake. Redio inasema bei nyingi zimeachiliwa sasa. Hofu haijaachiliwa. Mtu mwenye kalamu akiingia, Nyaberi anamsomea ukuta. Mimi nikiingia na kikapu changu cha kiondo, ananiambia bei ya mkononi. Juzi nilimwuliza kwa nini, akasema, "Yunia, kalamu haijawahi kununua sukari kwangu." Bethwel alisomewa kuta za Kimulot, akaziandika kwa uaminifu wake wote.

Mnatafuta bei kwa watu wanaoziogopa. Zitafuteni kwa waliozilipa.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza kubebeana? Mwanzo tulikuwa tunachanga pesa na kumpa mmoja wetu kila mwezi, mpaka za Chepkemboi zilipoishia kwenye pombe ya busaa ya mumewe. Tukasema basi, pesa hapana, ni vitu, tena vitu vile vile kila mwezi asije mtu akalalamika kwamba mwenzake alipewa zaidi: unga pakiti mbili, sukari kilo mbili, mafuta ya kupikia kopo moja, mche wa sabuni, mafuta ya taa chupa mbili. Tunamnunulia, tunajitwika, tunampelekea mpaka mlangoni tukiimba. Na anayebebewa ndiye anayekusanya pesa na kwenda dukani. Zikipungua, anarudi nyumba kwa nyumba kuomba nyongeza. Hakuna mwanamke anayesahau mwezi wake.

Kapu ni lile lile. Duka ni lile lile. Kilichobadilika ni pesa tu. Waulize wanawake.

Yunia


Kimulot
Jumapili, 30 Mei 1993

Mama Mongina,

Ndiyo, ni kibarua. Walinitoa Januari majani yalipopungua, mimi na wenzangu hamsini. Napanga chumba nyuma ya posho mill. Usiku kucha unga unanifuata kwenye blanketi, na bado wa kula nanunua. Nachuma siku nikiitwa. Nisipoitwa napalilia mashamba ya watu hapa Kimulot. Sikukuambia kwa sababu wewe ungeniambia rudi, na mimi ningerudi.

Zamani asubuhi nikitoka kwenda chai nilikuwa naona moshi katika nyumba zote ishirini na nne za Laini Sita. Sasa unatoka kumi na moja. Hakuna aliyetangaza kazi imepungua. Ukitaka kujua unaangalia paa.

Ng'ombe tumemaliza. Tusimtaje.

Kwa Bethwel nilikwenda. Nilimwomba radhi pale pale kwenye mizani, watu wakisikia, kwa sababu nilimtukana watu wakisikia. Aliendelea kupima mpaka foleni ikaisha, akanisimamisha upande. Akasema hata yeye alijua kuna kitu hakikai sawa, kwa kuwa mama yake mwenyewe hapati unga kwa bei ile. Alitumwa aandike anayoambiwa, akaandika. "Ungeniuliza, Makori," akasema. "Hata majani mabovu mimi huyapima kwanza kabla ya kuyakataa." Nikacheka, naye akacheka, tukanywa chai kwake. Nilipomweleza habari ya kubebeana aliweka kikombe chini. Alisema hicho ndicho kitu serikali hufanya huko Nairobi ikipima bei, kapu moja, mwezi baada ya mwezi, ila wanawake wa Laini Sita wanalinunua na kulibeba kichwani.

Tecla amewakusanya. Wengine wanaogopa. Chepkemboi alisema mwanamke akiingia ofisini bila kuitwa, mumewe hutolewa nyumba. Tecla akamjibu kwa kile Kiswahili chake cha polepole, "Tumebaki kumi na mmoja. Tukingoja tubaki wawili, nani atatusikia?" Hapo wakakubali.

Lakini kuna jambo. Mtu wa kudumu akisema vibaya, anaandikiwa barua ya onyo. Kibarua akisema vibaya, haitwi kesho, basi. Mimi ndiye nitakayesimama mbele. Nikitolewa kabisa sitakuwa na chai, wala shamba la maana la kurudia. Sema neno.

Makori


Ogembo
12 Juni 1993

Baba Mongina,

Neno ni nenda.

Ukitolewa, utarudi, na Nyakundi atajua baba mkubwa ni nani. Ukishinda, tutakuja huko, na atajua vile vile. Njaa tumeshaizoea, si mgeni wa kutuamulia.

Nimeandika hivyo kwa sababu niko mbali. Ungekuwa karibu ningekushika shati usiende.

Mwezi wangu ulikuwa Machi mwaka jana, kabla tu hatujaondoka. Kapu liligharimu mia moja na arobaini na sita. Zilipungua, na nilishaona aibu kurudi kuomba, Tecla akanifungulia leso yake akajaza. Yeye alikuwapo dukani. Mwambie asimame badala yangu, aseme kwa kinywa changu.

Wasiende wote wakisema pamoja. Mmoja mmoja, kwa mpangilio wa miezi yao. Na wasivae nguo za kanisani. Waende na leso na vumbi la kazini, waonekane ni watu wanaonunua vitu.

Yunia


Ogembo
22 Agosti 1993

Baba Mongina,

Tangu Juni sijapata barua. Mongina anakwenda posta kila Ijumaa. Yule karani hata hamwambii kitu siku hizi, anatikisa kichwa akimwona mlangoni.

Hapa kuna mtu aliyetoka Kericho anasema shamba moja la huko limewafukuza waliosema sana. Sikumwuliza jina la shamba. Nilitaka kulala.

Onyiego amepanda mahindi kwenye kile kipande chetu cha chini, akasema ni ili kisikae bure mpaka utakaporudi. Amesema "utakaporudi" kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, nikamjibu vibaya, na baadaye nikampelekea ugali.

Unga ni thelathini na sita. Sukari thelathini na nane. Nakuandikia bei ili ujue sijakasirika.

Niandikie hata kama ni mabaya. Septemba iko mlangoni.

Yunia


Laini Sita, Kapsirwa
Jumapili, 5 Septemba 1993

Mama Mongina,

Angalia juu ya barua hii, mahali nilipoandika natoka wapi. Soma tena. Laini Sita.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana nikianza na mwisho sitaweza kuandika.

Tuliingia kwa meneja katikati ya Julai, chai imeshamiri. Wanawake walijipanga kwenye veranda kama ulivyosema, kwa miezi yao, kila mmoja na leso yake ya kazi. Meneja alitoka akauliza hawa ni nani. Nikamwambia, "Bwana, ulisema tulete bei. Ndizo hizi." Sauti yangu, ile iliyosikika mlima wa pili, siku hiyo ilitoka kama ya mtu anayeumwa kifua.

Tecla akaanza na wewe. Akasema, huyu ni Yunia, hayuko, alikwenda kwao; mwezi wake ulikuwa Machi mwaka jana, kapu mia na arobaini na sita, na mimi ndiye niliyejaza. Halafu mwenye Aprili akasema yake. Halafu mwenye Mei. Miezi mingine haikuwa na mtu, kwa sababu wenyewe walitolewa nyumba wakaondoka, na kila ikifika pengo kama hilo Tecla alitaja jina la aliyeondoka na kunyamaza kidogo kabla ya kumruhusu anayefuata. Hatukupanga hivyo. Nadhani meneja alianza kusikiliza zaidi kwenye yale mapengo kuliko kwenye bei. Wa mwisho alikuwa Chepkemboi, mwenye mwezi ule ule wa Julai. Alisema mia mbili na arobaini na nane, kisha akarudi nyuma ya wenzake haraka kama aliyetupa jiwe.

Meneja akamwuliza Tecla wanajuaje kwamba hawajasahau au kuongeza. Tecla akamwangalia usoni. "Bwana, kulipa mtu husahau," akasema. "Kurudi kwa jirani kuomba nyongeza, hiyo husahau."

Alitaka kusema mtu hasahau kamwe, ulimi ukajikwaa, lakini hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alishawahi kurudi kwa jirani.

Meneja hakukasirika. Alimwita dereva wake, akamwambia avue koti la kampuni, aende Kimulot kwa miguu, anunue kapu lile lile. Akampa pesa kwa bei zile alizoandika Bethwel mwezi wa nne. Tulingoja pale pale. Dereva alirudi na unga, na sukari, na mafuta ya taa. Akaulizwa sabuni na mafuta ya kupikia viko wapi. Akasema, "Pesa zimeisha, bwana. Na hapo nimeongeza ishirini yangu." Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Meneja naye akacheka, akamrudishia dereva ishirini zake, na hapo nikajua ni mtu.

Bethwel alikuwa ameandika bei za wanawake kwa hati safi, na chini yake ameongeza kitu chake. Kwamba chai inauzwa nje kwa dola, na tangu shilingi ianguke mwaka huu, majani yale yale yanaletea kampuni shilingi nyingi zaidi kuliko mwaka jana. Meneja alisoma akasema, "Hili sikukutuma." Bethwel akajibu, "Hapana, bwana. Nilikuwa kwenye mizani, nikaona." Meneja akaikunja karatasi yote, ya wanawake na ya Bethwel, akasema ataipeleka mwenyewe kwa wakubwa wa kampuni, tungoje.

Kungoja ndiko kulikoniziba mkono. Wiki ya kwanza sikuitwa kuchuma. Ya pili sikuitwa. Ya tatu nikakubali kwamba nimekwisha. Sikuwa na pesa ya chumba, nikatoka, nikaenda mpaka huko Mulot, si Kimulot, kwenye ngano ya mtu mmoja anaitwa Kipkosgei, nikapakia magunia kwenye malori. Nisingekuandikia kutoka Mulot. Ungejua kutokana na muhuri wa posta tu, na mimi nilitaka kwanza nijue kama nakuandikia kuaga au kuita. Najua ulikuwa huli wala hulali. Hilo litanibidi nilijibu nikiwa nimesimama mbele yako, na unapotaka kunisema nitakaa kimya.

Jumatano dereva wa lori akashuka akauliza Makori wa Laini Sita yuko wapi, Bethwel anamtaka kabla ya Ijumaa. Nikauliza ni kwa heri au kwa shari. Akasema alipewa jina tu.

Ijumaa jioni, watu wakiwa na majani yao kwenye banda la mizani, meneja alisimama juu ya kreti. Hakuzunguka. Kilo imepanda kutoka senti tisini mpaka shilingi moja na senti thelathini.

Yunia, mimi nilisema ishirini. Ni thelathini.

Kelele ilikuwa kubwa hata michai naona ilitikisika. Watu walirusha majani juu, nyapara akijaribu kuyaokota. Meneja alingoja mpaka tukachoka, akaongeza kwamba kila baada ya miezi sita kapu la Laini Sita litanunuliwa tena, na kilo itatazamwa upya. Atakayenunua atachaguliwa na Tecla. Asiende na koti wala kalamu. Tecla, aliposikia jina lake, alijifunika uso kwa leso, na Chepkemboi akaifunua ili watu wamwone.

Kisha akasema mvua zimeleta majani mengi kuliko mikono iliyopo, na waliotolewa Januari watarudishwa arobaini. Bethwel akapewa majina asome. Tulikuwa hamsini na mmoja tuliosimama pale, na kila mtu anaweza kutoa arobaini kwenye hamsini na mmoja. Nilikuwa natazama viatu vyangu. Alisoma polepole kama anayepima. Yalipofika karibu kwisha nilianza kupanga jinsi ya kurudi Mulot. Ndipo akasema, "Makori. Laini Sita, nyumba ya tisa." Akaninyanyulia macho kidogo, akaendelea.

Wale kumi na mmoja waliobaki tuliwakaribisha kwenye chakula usiku ule, na bado tunawasemea. Bethwel anasema Oktoba majani yakizidi wataitwa. Sikufurahi kamili kwa ajili yao, na sitaki kukuandikia kana kwamba nilifurahi. Wala usidhani tumezishinda bei. Zimepanda kuliko kilo yetu ilivyopanda, hesabu hiyo hata mtu wa darasa la tano anaiona. Lakini mwaka jana zilikuwa zikienda na hakuna aliyekuwa akizitazama. Sasa zinatazamwa, na wanaozitazama ni watu wenye viondo.

Leo asubuhi nimewasha moto wangu mwenyewe, kwa kuni za shamba, nikatoka nje nikatazama laini. Moshi katika nyumba kumi na tisa. Nimesimama na kikombe mpaka chai ikapoa.

Njoni. Kabla Septemba haijaisha, njoni.

Mume wako,
Makori


Ogembo
10 Septemba 1993

Baba Mongina,

Barua yako aliileta yule karani wa posta mwenyewe, kwa miguu, mpaka hapa nyumbani. Alisema amechoka kutikisa kichwa. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimeketi, halafu Mongina akaisoma kwa sauti na Onyiego akasikiliza mpaka kwenye thelathini, hapo akapiga kofi moja kubwa, akatoka nje kujifanya anafukuza mbuzi.

Kunisema nitakusema, usifikiri nimesahau, wiki zote zile bila neno. Nimepanga ya kusema, ni mengi, na nitaanza mara tu watoto wakilala. Lakini nimekuwa nikiimba tangu juzi, na mtu hawezi kuimba na kupanga matusi kwa wakati mmoja, kwa hiyo usiogope sana.

Kipande cha chini nimemwachia Onyiego avune. Nyumba nimeifunga. Tutaondoka Jumatano, tulale Kisii kwa dada yangu, Alhamisi tuwe Kimulot mchana. Huenda tukafika kabla ya karatasi hii, na ukawa unaisoma sisi tukiwa tumeketi mbele yako tunakula.

Kama itatangulia, basi Alhamisi shuka barabarani uje na mtu wa kukusaidia kubeba. Ukiona mwanamke anashuka na kuku wawili wanaogombana, mtoto amelala begani akiwa amekunja ngumi, na msichana mrefu anayejitenga hatua chache akijifanya hawajui hao wote, ndio sisi.

Yunia